Hapana Mbili za Mama

Jumanne, 10 Novemba

Theluji ya kwanza. Mama amekwenda darasani na viatu vya kiwandani kwa sababu buti zake za baridi zimo kwenye boksi, boksi liko chini ya kitanda cha Bibi, na Bibi alikuwa amelala na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Darasa la Kiingereza la wazazi ni Jumanne na Alhamisi jioni, shuleni kwetu, katika chumba kile kile ninachosomea hesabu mchana. Mama huketi kwenye kiti changu. Hajui kuwa ni changu, sijamwambia, napenda tu iwe hivyo. Mimi na rafiki yangu Yareli tunawaangalia watoto wadogo kwenye ukumbi wa michezo mpaka wazazi wamalize, kisha kina mama wa kanisa la Kilutheri wanagawa supu, watu wanafunga makoti, wanarudi nyumbani. Karibu wote ni Wakareni kama sisi, wakimbizi, wale wale tuliokuwa nao kambini Thailand, pamoja na mama yake Yareli na shangazi yake kutoka Guatemala. Ndiyo hivyo tangu mwaka jana.

Mwalimu wao tunamwita Tharamu Karin. Tharamu kwetu ni mwalimu wa kike. Yeye ni mtu wa hapa hapa Dakota Kusini, mzee, mrefu sana, na uso wake haukupi habari yoyote. Namwogopa. Yareli hamwogopi, lakini Yareli hata mwalimu mkuu hamwogopi.

Alhamisi, 12 Novemba

Baridi. Mtoto wa Naw Htoo, mmoja wa kina mama wa darasani, amenitapikia mapajani.

Jumatano, 18 Novemba

Mama anafanya mazoezi akipika. Anafunua wali, mvuke unamfunika uso, naye anaongea ndani ya mvuke kwa Kiingereza: naumwa hapa, imeanza juzi, hapana, sijala kitu. Kisha anafunika. Bibi akamuuliza anaongea na nani humo. Na daktari, Mama akasema. Bibi akamwambia amtoe daktari haraka, wali utakuwa uji.

Najua kwa nini anafanya mazoezi ya hospitali na si ya dukani. Mwaka jana aliumwa ugonjwa wa wanawake, mkalimani hakuwapo, nikaingia naye mimi. Daktari akauliza mambo ambayo sijawahi kumsikia mama yangu akiyataja. Nikamuuliza Mama, na Mama akajibu akiangalia ukuta. Mengine sikuyajua hata kwa Kikareni, na nilisoma Kikareni mpaka darasa la sita. Wiki nzima akawa ananiwekea nyama nyingi sahanini kuliko za wote, kama mtu aliyenikosea. Wiki iliyofuata akaanza darasa. Hakusema ni kwa sababu hiyo, na mimi sikuuliza. Sisi nyumbani hatuulizani vitu vya namna hiyo.

Alhamisi, 26 Novemba

Leo ni Sikukuu ya Shukrani, nchi nzima inakula bata mzinga. Sisi tumekula samaki. Baba, ambaye huosha mashine za kiwanda cha bata mzinga usiku kucha, alisema akimwona mwingine leo atalia.

Jumanne, 8 Desemba

Mgeni darasani. Anaitwa Bwana Dwyer, ametoka Texas kiangazi kilichopita, na ndiye mkubwa wa mambo ya familia hapa shuleni. Ana tabasamu pana na buti za wachunga ng'ombe zisizofaa kabisa kwa theluji. Timu ya mieleka inautaka ukumbi wa michezo jioni za Jumanne na Alhamisi. Bila ukumbi watoto hawana pa kukaa, na bila pa kuweka watoto hakuna darasa. Lakini Bwana Dwyer amesema hataki kuamua peke yake ofisini. Atapita nyumba kwa nyumba. Familia zikisema zinataka darasa, wanamieleka watatafutiwa siku nyingine.

"Mnachotakiwa ni kusema tu," alisema.

Kina mama wote walitabasamu na kuinamisha vichwa. Nilirudi nyumbani na moyo mweupe kabisa. Nani asiyelitaka darasa lile?

Jumatano, 9 Desemba

Yareli anasema mama yake hakungoja kutembelewa. Alimfuata Bwana Dwyer mpaka kwenye gari, akamshika mkono wa koti na kumwambia ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka yule bwana akaogopa. Nikacheka, lakini ndani niliona aibu kidogo kwa niaba yake. Mtu mzima kung'ang'ania hivyo.

Jumapili, 13 Desemba

Kanisani. Bwana Dwyer amekwisha kwenda kwa Naw Htoo na kwa Naw Paw Gay. Mama aliwauliza wamejibuje. Wakasema wamejibu vizuri.

Jumamosi, 19 Desemba

Amekuja kwetu leo. Mama aliamka kabla ya wote, akasugua mpaka sehemu ambazo mgeni hawezi kuziona. Akapika uji mzito wa mchele na machipukizi ya mianzi, kuku, samaki wa kukaanga, na pilipili ile ya kusaga ambayo Bibi huificha. Baba aliamshwa, akavishwa shati, akaketi kwenye kochi na macho ya mtu aliyelala wima.

Bwana Dwyer aliomba radhi kwanza kwangu. Kwa kawaida mtoto haruhusiwi kumtafsiria mama yake mambo ya shule, lakini mkalimani wa shule amekwenda kujifungua. Nikasema sawa. Ninajua kanuni za wakalimani, alitufundisha yeye mwenyewe huyo mkalimani: usiongeze, usipunguze, sema kilichosemwa.

Mama akaleta bakuli. Bwana Dwyer akasema asante sana, amekula. Nikatafsiri. Mama akaweka bakuli. Mgeni akasema kweli kabisa, ameshiba, mke wake amempikia mayai. Nikatafsiri na mayai. Mama akaweka kijiko. Bwana Dwyer akanitazama mimi kama ninayeweza kumwokoa, nami nikaangalia sakafu. Basi akala. Alikula mabakuli matatu, kwa sababu kila alipolimaliza Mama alilijaza, na kila lilipojazwa alikataa, na kila alipokataa Mama alizidi kumpenda. Pilipili ilimtoa jasho mpaka kwenye masikio. Bibi akasema mgeni huyu ana adabu, hajui tu kutafuna.

Ndipo akajifuta mdomo na kumuuliza Mama, kwa uso mzito wa mtu anayetaka kusikia kweli, kama yeye na familia yake wangependa darasa liendelee.

Mama akatazama mikono yake. Mikono ya Mama imevimba viungo kwa kisu cha kiwandani. Akasema, kwa Kikareni, taratibu: "Hapana, msijisumbue. Mmeshatufanyia mengi."

Nikasema kwa Kiingereza kwamba Mama anasema hapana, msijisumbue, mmeshatufanyia mengi.

Bwana Dwyer akaitikia kwa kichwa polepole. Akamshukuru Mama kwa kuwa mkweli. Akamshukuru kwa chakula. Mama akamfungia samaki waliobaki, akamsindikiza mpaka kwenye gari bila koti, akasimama pale akipunga mkono mpaka taa za nyuma zikapotea kwenye kona.

Aliporudi ndani akaketi mezani.

"Ameondoka?" akaniuliza, na yeye ndiye aliyemsindikiza.

"Ameondoka."

"Basi atarudi," akasema, na akaanza kukusanya vyombo.

Jumanne, 22 Desemba

Shule imefungwa. Hajarudi.

Jumatatu, 28 Desemba

Gari lilipunguza mwendo mbele ya nyumba. Mama akabandika birika. Alikuwa jirani.

Jumatano, 30 Desemba

Birika tena. Mtu wa gesi. Mama akampa chai hata hivyo, na yule mtu wa gesi akakataa, kisha akanywa vikombe viwili.

Jumapili, 10 Januari

Mwaka mpya wa Kikareni. Tuliusherehekea kwenye ukumbi wa michezo, ngoma, pembe, wali wa kunata, vijana wa dansi wamejipanga mistari na mashati yao mekundu. Nilitakiwa kucheza, nikasema nimeteguka mguu. Sikuteguka.

Bwana Dwyer alikuja. Mtu alikuwa amempa shati la Kikareni, akalivaa juu ya sweta, pindo na nyuzi zote, akapiga makofi nje ya mdundo kwa furaha kubwa. Mama alikwenda kwake na sahani. Nilimwona amesimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kumpa mtu sahani. Bwana Dwyer akamshukuru, akasema kitu kuhusu rangi nzuri za nguo, akageuka kutazama ngoma. Mama akabaki amesimama. Kisha akarudi akaketi karibu na Bibi, akakunja mikono.

Naongeza hapa baadaye: sasa najua alikuwa anampa nafasi. Siku ile sikujua. Nilidhani amechoka.

Alhamisi, 14 Januari

Darasa linafungwa. Siku ya mwisho itakuwa mwishoni mwa Februari. Tuliitwa wote darasani, na Tharamu Karin akasoma tangazo la Bwana Dwyer kwa sauti yake ile isiyo na chumvi: familia za Wakareni zimetembelewa zote, nazo zimesema hazilihitaji tena, shule inawapongeza kwa hatua waliyofikia. Alisoma hadi mwisho, akakunja karatasi, akaandika ubaoni somo la leo, ambalo lilikuwa kununua tiketi ya basi. Hakututazama hata mara moja. Nikasema moyoni, huyu mama ni barafu kweli, hata hajali.

Njiani nikashindwa kuvumilia. Mimi siongei na watu, lakini na Mama naweza kuwa mkali, sijui kwa nini ukali wangu wote unamwendea yeye.

"Kwa nini hukusema ndiyo?"

"Aliniuliza mara moja."

"Sasa alitakiwa aulize mara ngapi?"

Mama akaruka kipande cha barafu. "Mtu anakuja kwako, amechoka, ana nyumba nyingi za kupita. Unamrukia na ndiyo, nataka, kama kuku aliyeona mtama? Unamkatalia kwanza, ili apumue. Kama alikuja kwa adabu tu, umemfungua, anakwenda zake. Kama moyo wake umo, atauliza tena. Unamkatalia tena, kidogo. Ya tatu ndiyo unajua."

"Yeye ni Mmarekani, Mama."

"Mmarekani hana moyo?"

Nilikuwa nimekasirika na sikujua nimkasirikie nani. Yeye alijibu sawa. Bwana Dwyer aliuliza sawa. Mimi nilitafsiri sawa, sikuongeza wala sikupunguza. Sisi watatu tumefanya kila kitu sawasawa na darasa limekufa.

Nyumbani Bibi aliposikia alitema tambuu kwenye kopo. "Mtu mzima anaulizwa mara moja?" akasema. "Hata mbwa huitwa mara mbili."

Jumanne, 19 Januari

Mama haongei tena na mvuke. Anafunua wali, anaangalia, anafunika.

Alhamisi, 21 Januari

Yareli ameninunia. Anasema sisi Wakareni tumekuwa na adabu mpaka tumemkosesha yeye supu. Anasema mama yake alisema ndiyo mara nyingi kiasi cha kutosha familia zote, lakini wamemhesabia moja. Kisha akaacha utani na kuniuliza kwa nini simwambii mtu. Nikamwambia mimi siyo wa kusema. Nikifungua mdomo mbele ya mtu mzima sauti inarudi ndani kama konokono.

"Konokono nao hutoka," akasema. "Mvua ikinyesha."

"Hapa hakuna mvua, kuna theluji."

"Basi kaa humo."

Jumatatu, 25 Januari

Nilifika mpaka mlango wa darasa, Tharamu Karin yumo ndani anaandaa somo la kesho. Nikarudi.

Jumanne, 26 Januari

Vile vile.

Jumatano, 27 Januari

Leo nimesema.

Nilimkuta peke yake darasani baada ya masomo ya mchana, amekuja kupanga viti vya kesho. Nilikuwa nimeandaa sentensi tangu asubuhi, zikatoroka zote mlangoni. Alinitazama kwa uso wake ule usio na habari. Akaniuliza kama nitakunywa kahawa, anayo kwenye chupa. Nikasema hapana, asante. Akasema imebaki nyingi, atakuja kuimwaga. Nikasema hapana, kweli, asijisumbue. Akamimina, akanisogezea.

"Nusu kikombe tu. Nifanyie hisani, sipendi kunywa peke yangu."

Nikanywa. Nilikuwa nimefika katikati ya kikombe ndipo nikazihesabu hapana zangu, na konokono akatoka bila mimi kumwita.

"Bwana Dwyer hakufanya hivi," nikasema.

"Hakufanya nini?"

"Aliuliza mara moja."

Hakuelewa. Nikamweleza, vibaya, kwa maneno yaliyokuwa yanakanyagana: mabakuli matatu, mayai ya mke wake, hapana ya Mama, birika, mtu wa gesi. Nilimwambia kwamba Mama huwa anaketi darasani kwenye kiti changu. Hilo halikuhusu chochote, lilitoka tu. Tharamu Karin aliketi kidogo kidogo kwenye ukingo wa meza, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Kumbe mlikuwa mnakataa kahawa."

Na akacheka. Sijawahi kumwona anacheka. Alifunika mdomo na mabega yakawa yanaruka. Akaniambia bibi yake alitoka Norwe, na shambani kwao mgeni akikaribishwa kahawa hukataa, akikaribishwa tena husema asijisumbue mtu, mara ya tatu husema basi nusu kikombe, na hapo ananywa mpaka birika linakauka. Mjomba wake alikwenda Chikago kijana, akakataa chakula mara moja kwa heshima, wakakiondoa, akalala na njaa, akarudi shambani akisema wale si watu. Mji huu wote wa zamani ulikuwa hivyo. Ila Bwana Dwyer ni wa Texas, na Texas ukisema hapana wanakuamini. Maskini, akasema, alipita nyumba zote zile kwenye baridi ile, na alikuwa anajivunia kwamba amesikiliza.

Kisha akaukuna ukingo wa kikombe kwa ukucha.

"Mimi nilidhani mmenichoka," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuwauliza kina mama mwenyewe. Uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni.

"Niliona haya."

Nilikuwa nimemwita barafu. Nimerudi nyuma kurasa hizi nikaisoma ile siku ya tangazo, jinsi asivyotutazama, na nikaona kwamba ndivyo mimi ninavyofanya nikitaka kulia mbele za watu.

Jumapili, 31 Januari

Nyuzi joto ziko chini ya sifuri mno. Gari la Baba limekataa kuwaka. Kanisani hatukwenda.

Alhamisi, 4 Februari

Mkono unauma lakini naandika yote.

Bwana Dwyer alikuja mwanzo wa kipindi. Tharamu Karin alikuwa amemfundisha, ilionekana wazi, maana aliingia kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Akaketi kwenye kiti kidogo, magoti yakamfika kifuani. Niliitwa kutoka ukumbini nije kutafsiri, Yareli akabaki na watoto wote peke yake, akanitazama kama nimemuuza.

Bwana Dwyer akasema alipita kwa kila mmoja wao, na huenda hakuuliza vizuri, kwa hiyo anauliza tena: wanataka darasa liendelee? Nikatafsiri. Kina mama wakaangalia meza. Mama akajibu kwa niaba ya wote kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Hapana, wasijisumbue, vijana wa mieleka nao wanahitaji mahali. Nikatafsiri.

"Mna uhakika?" akauliza. Na kabla sijafungua mdomo, "Mna uhakika kabisa?" Mfululizo, kama mtu wa mnada. Alikuwa anahesabu. Nilimwona anahesabu kwa vidole chini ya meza. Naw Paw Gay naye alimwona, akazamisha kicheko kwenye skafu.

Mama akasema kwa upole kwamba wana uhakika, na je, yeye amekula?

Nikatafsiri vyote viwili. Bwana Dwyer akamgeukia Tharamu Karin na viganja wazi, maana yake amefanya kama alivyoambiwa, imekuwa tatu na bado ni hapana. Masikini hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa tu amechoka na amechanganyikiwa. Akaweka mikono kwenye magoti ili asimame, na nikajua akishasimama ni basi, hatakuja tena, na Mama atafunua wali na kufunika, atafunua na kufunika, na siku atakayougua tena ni mimi nitakayeingia naye kwa daktari.

"Keti, tafadhali," sauti ikasema. Ilikuwa yangu. "Bado hujauliza. Umehesabu tu."

Mtoto hamwambii mtu mzima hivyo, siyo kwa lugha yoyote kati ya zangu mbili. Bwana Dwyer akaketi. Mama akaniuliza kwa Kikareni nimesema nini, nikamwambia neno kwa neno, sikupunguza. Akalainisha pindo la sketi yake.

Na hapo hakuna aliyejua la kufanya, hata mimi. Nilisikia mpira wa watoto ukidunda ukumbini. Kisha Tharamu Karin akaanza kuongea, na hakuwa anamwangalia mtu, alikuwa anaongea na kopo la kalamu lililokuwa mbele yake. Alisema mume wake alifariki mwaka juzi, wakati wa mavuno. Alisema alilianzisha darasa hili ili asikae nyumbani akisikiliza friji. Jumanne na Alhamisi ndizo siku anazochana nywele vizuri.

"Sina haki ya kuwaomba, mnafanya kazi ngumu kutwa," akasema. "Lakini mkiacha kuja, sijui nitazipeleka wapi hizi jioni. Nifanyieni hisani. Njooni kwa ajili yangu."

Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilitafsiri, polepole, na kwa mara ya kwanza sikutafuta maneno, yalikuwa yamekaa tayari yananingoja. Kikareni kina maneno yote hayo. Naw Htoo akaanza kupangusa macho kabla sijafika mwisho.

Mama akaniambia, kwa sauti ya kumlaumu mtu unayempenda: "Mwambie mbona hakusema mapema. Tungekuwa tunamletea chakula."

Nikamwambia.

"Na mwambie tutakuja."

"Na mimi," Naw Paw Gay akasema. "Mimi pia nilikuwa sina la kufanya Alhamisi," akasema mwingine, na huyo ana watoto wanne na zamu ya alfajiri. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, wanapanga nani atapika nini, na hakuna aliyekumbuka kwamba natakiwa kutafsiri.

Bwana Dwyer akaniinamia. "Hiyo ni ndiyo?" akanong'ona.

"Hiyo ni ndiyo," nikasema.

Akatoa pumzi ndefu na kuegemea kiti, na kiti kikalia. Akauliza, kwa unyonge kabisa, kama itabidi arudie nyumba zote. Tharamu Karin akamwambia hapana, na akamtazama kuona kama ameelewa ni hapana ya aina gani.

Njiani, tulipovuka reli, Mama alinigeukia.

"Umemwambia mtu mzima keti," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Tukatembea. Theluji ilikuwa kavu, inalia chini ya buti.

"Kwani alikuwa anakwenda wapi," akasema Mama.

Jumanne, 9 Februari

Wanamieleka wamepewa Jumatatu na Jumatano. Nahodha wao alikuja kumshukuru Yareli, sijui kwa nini yeye, na Yareli akapokea shukrani zote bila kubisha.

Alhamisi, 25 Februari

Hii ndiyo ingekuwa siku ya mwisho. Walisoma namna ya kumpigia simu mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja. Tharamu Karin alikuwa mwenye nyumba. Mama alimbana mpaka akakubali kuleta fundi kesho.

Ijumaa, 11 Machi

Nimecheza dansi ya mazoezi na wenzangu. Mstari wa nyuma. Miguu haina tatizo lolote.

Jumanne, 22 Machi

Kuna mama amehamia nyumba ya manjano nyuma ya kanisa, Naw Bway Eh, ametoka kambini wiki iliyopita tu, mume wake ameshaingizwa kiwandani kwenye chumba cha baridi. Leo kabla ya darasa Mama akasema tumpitie. Nikadhani tunakwenda kumsalimia.

Nyumba ilikuwa tupu kama zinavyokuwa mwanzoni, godoro, jiko la umeme, mifuko ile myeupe ya safari bado imefungwa. Naw Bway Eh alitukaribisha kwa kutuomba radhi kwa kila kitu, kwa sakafu, kwa chai, kwa kukosa viti. Hakututazama machoni. Nikamtambua mara moja, siyo kwamba namjua, nimemtambua tu.

Mama akanywa chai. Akaongea habari za samaki wa kusaga wanaopatikana dukani kwa Mvietnam na jinsi ya kuvaa soksi mbili. Kisha akasema kuna darasa jioni hii, je, angependa kuja? Naw Bway Eh akasema hapana, wasijisumbue, yeye hakusoma hata Kikareni, atawachelewesha watu. Mama akasema sawa. Akaomba chai nyingine. Akauliza watoto wanaitwa nani, wako darasa la ngapi, huyu mdogo mbona ana macho ya mama yake. Nikaanza kuangalia saa mkononi. Mama akasema darasani kuna supu, na mwalimu hana haraka na mtu. Naw Bway Eh akasema ahsante dada, lakini hapana, siku nyingine labda. Alisema hivyo akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, ameinama juu yake.

Mama akaweka chake chini. Akasimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akashika kiuno kama mtu mwenye miaka mia.

"Shida yangu mimi ni barafu," akasema. "Mwanangu huyu anatembea haraka, ananiacha. Naogopa kuanguka. Kama ungenisindikiza tu mpaka pale shuleni, dada, ningeshukuru."

Ilikuwa jioni ya jua. Theluji imeisha tangu wiki iliyopita, hata tope limekauka. Naw Bway Eh akasogea dirishani, akaitazama barabara kavu kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaitazama vizuri. Kisha akaenda kutafuta koti lake.